Je, wajua kwa nini Kiingereza kina maneno mengi ya "tofauti"?

Ukifungua kamusi kutafuta "tofauti" kwa Kiingereza, utakutana na different, various, diverse, distinct na disparate. Historia ndiyo iliyoleta wingi huo. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno yake, kama sundry, ambalo bado lipo. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na maneno yenye asili ya Kilatini yakaingia kwa wingi, different na diverse yakiwemo. Lugha ilipopata maneno mengi kuliko mahitaji, yakagawana kazi.

Kwa hiyo usiulize tu neno lina maana gani. Uliza unalinganisha nini na nini.

Different hulinganisha kitu na kingine: "This book is different from that one", yaani kitabu hiki si kama kile. Waingereza husema pia different to, na Wamarekani different than, lakini from inakubalika kote. Various halilinganishi chochote. Linaeleza kwamba aina ni nyingi, ndiyo maana hufuatwa na nomino ya wingi: "various books". Hapa Mswahili huteleza kwa urahisi, kwani "vitabu tofauti" twaweza kuyatumia kwa maana zote mbili. Kipimo changu ni chepesi: kama "mbalimbali" linakaa vizuri, various litafaa. Ila ukitaja idadi, rudi kwa different: "three different doctors" ni madaktari watatu, kila mmoja mtu wake, hata kama tabia zao zinafanana. "Three various doctors" haisemwi.

Diverse huelezea kundi zima lenye watu au vitu vya namna nyingi. Kundi laweza kuwa diverse. Mtu mmoja kwa kawaida hasemwi hivyo.

Distinct ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu huchora mpaka bila kudai kwamba vitu havifanani. Pacha wawili waweza kuwa na sura moja na bado wakawa watu wawili distinct. Usilichanganye na distinctive, ambalo hueleza alama ya pekee: sauti distinctive utaitambua hata kabla hujamwona msemaji.

Disparate ni zito. Litunze kwa vitu vilivyo mbali mno kiasi kwamba kuviweka pamoja kunahitaji maelezo.