Gegedu haligeuki mfupa, huliwa

Ukienda Marikiti kununua kuku, muuzaji anayeijua kazi yake atakubonyezea ncha ya kidari. Ikipinda, kuku ni mchanga. Ikigoma, nunua na makaa ya ziada. Ncha hiyo laini ni gegedu, na mifupa yako mingi ilianza hivyo ulipokuwa tumboni mwa mama.

Wengi tulifundishwa kwamba gegedu "hugeuka" mfupa, kana kwamba hukauka tu likawa gumu. Neno hilo linapotosha. Gegedu huvunjwa, kisha mfupa hujengwa mahali pake.

Mimba inapotimiza wiki sita au saba hivi tangu kutungwa, mfupa wa paja umeshapata umbo lake, ila wote ni gegedu. Kazi huanzia katikati, mnamo wiki ya nane. Seli za gegedu zilizo pale huacha kugawanyika, zikavimba, na ukuta unaozizunguka ukagandwa na chumvi za kalsiamu. Seli hizo zilizovimba pia hutoa protini ya VEGF, ambayo huita mishipa ya damu. Huo ni mwito mzito, maana gegedu kwa kawaida halina mshipa hata mmoja.

Mishipa ikiingia, huja na wabomoaji na wajenzi kwa pamoja. Mbomoaji mkuu ni osteoklasti, na akiwa anakula gegedu wengine humwita kondroklasti. Ni seli kubwa yenye viini vingi, iliyotokana na seli za ukoo wa damu zilizoungana. Hujibandika kwenye ukuta uliogandwa, ikaziba kingo zake, kisha ikamwaga asidi chini yake. Asidi huyeyusha chumvi. Vimeng'enya hukatakata protini iliyobaki. Kimoja cha vimeng'enya hivyo ni MMP-9. Mwaka 1998 watafiti walieleza kilichowapata panya wasio nacho: mishipa ilichelewa kuingia, na gegedu likarundikana bila kuondolewa.

Ungedhani ni kama mbao za kumwagia zege, zinazong'olewa zote zege likishashika. Sivyo. Vipande vya gegedu lililogandwa huachwa, na wajenzi hupaka mfupa mpya juu yake. Mimi huona yanafanana zaidi na boriti za nyumba za Mji wa Kale: zinabaki ndani ya dari, chokaa na mawe juu yake. Tofauti ni kwamba boriti za mwili nazo huja kuondolewa baadaye, mfupa unapofumuliwa na kujengwa upya.

Na zile seli zilizovimba? Kwa miaka mingi ilisemwa zote hufa. Uchunguzi wa panya uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa baadhi yake huponea na kuwa wajenzi wa mfupa. Kwa hiyo mwalimu wangu aliyesema "hugeuka" hakukosea kabisa, ingawa alichokuwa akikisema sicho hicho.

Mifupa bapa ya utosi haipiti njia hii. Hujengwa moja kwa moja bila gegedu. Kwenye miguu na mikono kazi huendelea karibu na ncha za mifupa hadi ujana, na ndiyo inayoturefusha. Masikioni seli hazivimbi wala haziiti mishipa, ndiyo maana sikio la mzee wa miaka themanini bado linakunjika.