Hesabu hadi kumi ndipo uzime

Kazi yangu ni kuhariri video. Mwaka mzima ni harusi, send-off na kipaimara, lakini ikifika Januari huja kundi jingine: watu waliotoka kula Krismasi Moshi, Rombo au Upare, simu mkononi, wakiomba niwatengenezee "kavideo kafupi ka familia". Baba mmoja aliniletea vipande 340. Kirefu kuliko vyote kilikuwa na sekunde sita. Mlima, tikisa, zima. Mbuzi, tikisa, zima. Shangazi anafungua mdomo aseme kitu, zima.

Karibu kila anayeanza ana ugonjwa huo: anapiga video kama anayepiga picha. Dawa yake hainunuliwi dukani. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, bonyeza, kisha hesabu moyoni moja hadi kumi bila kuhama. Ukitaka kugeuka, geuka mara moja, taratibu, ukifika tulia uhesabu tena tano. Mimi mezani nahitaji sekunde tatu au nne safi tu, ila za mwanzo na za mwisho huliwa na mtikisiko wa kidole. Halafu kuna jambo watu hawalitegemei: mpaka sekunde ya saba hivi, mtu anayerekodiwa huwa amechoka kupozi. Anarudi kumenya ndizi zake.

Tuchukue njia ya Dar kwenda Moshi, maana naijua tangu utotoni. Kwenye basi, omba siti ya dirishani upande wa dereva. Ukishapita Segera, milima ya Usambara na baadaye ya Upare inakufuata mkono wa kulia. Aliyekaa kushoto ataambulia nyika. Futa kioo kwanza. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo lakini isikiguse, kwa sababu mtetemo wa gari hupita hapo hapo na kuingia kwenye picha, kisha jifunike kanga au koti jeusi ili shati lako jeupe lisionekane kwenye kioo likielea juu ya mlima. Elekeza simu mbali. Vitu vya karibu hupita kasi, na nguzo za umeme utaziona zimelala upande kama zimepigwa na upepo. Simu si mbovu. Kihisio chake husoma picha mstari kwa mstari, na mpaka kifike mstari wa chini, gari limeshasogea.

Mkienda na gari lenu, subirini vijiji. Pale kwenye kibao cha 50 ndipo picha ya dirishani inapotulia. Dereva asiguse simu, na askari wenye tochi za kupimia mwendo waacheni na kazi yao.

Lakini nikikata video ya safari, picha za gari likiwa linatembea hazizidi robo. Zinazobaki zote ni za kusimama. Basi limeingia kituo cha chakula Korogwe au Mombo, konda anapiga kelele "dakika kumi tu!", watu wanakimbilia kuchimba dawa, na mwanao amesimama mbele ya kabati la kioo hajui achague chipsi au ndizi. Hapo piga vipande vitatu. Kimoja cha mbali kinachoonyesha basi na watu. Kimoja cha mtoto, kuanzia kiunoni. Kimoja cha karibu kabisa: noti iliyokunjwa kwenye kiganja chake. Vitatu hivyo nikiviunga vinakuwa kisa, na havijakula hata dakika moja. Mama anayeuza machungwa mnunulie kwanza, kisha mwambie, "Mama, naomba nikurekodi ukimenya." Akikataa, umepata machungwa.

Mwanga nausema kwa kifupi. Saa sita mchana kwetu jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo, basi waite kivulini, kwenye migomba au barazani. Kilimanjaro yenyewe mara nyingi hujifunika mapema, kwa hiyo anayetaka kilele aamke kabla ya chai. Usiku ndani ya nyumba ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mara 50 kwa sekunde, na simu nyingi hutoka kiwandani zikipiga fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, hivyo haziendi pamoja. Weka 25 kama simu yako inaruhusu. Na usijitese na 4K, ule ubora wa juu kwenye mipangilio ya kamera: dakika moja yake inaweza kula MB 170, wakati 1080p, ubora wa kawaida, huridhika na 60 hivi. Simu iliyojaa siku ya pili haina faida. Mkitumiana WhatsApp, tumeni kama dokumenti, vinginevyo video inabanwa mpaka nyuso zinakuwa uji. Droni iacheni nyumbani. Ina vibali vyake, na kwenye hifadhi za taifa huirushi bila ruhusa.

Sauti ndiyo yenye kazi. Picha iliyotikisika watu huivumilia, sauti iliyokwaruza hawaivumilii. Kitundu cha maiki kwenye simu nyingi kiko chini, karibu na pa kuchajia. Ukiilaza simu kurekodi, kiganja kinakaa juu yake barabara. Tafuta kitundu chako leo, kabla ya safari. Mzee akianza kusimulia, washa simu ya pili kwenye kinasa sauti, itie mfuko wa shati lake, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Kwa kofi hilo nitaoanisha sauti na picha. Na kabla hamjaondoka rekodi dakika nzima ya mahali penyewe bila mtu kusema: mvua kwenye bati, kuku, redio ya jirani.

Hili la kiganja nililipia mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza na kamera nilimfuata babu kihambani, kwenye shamba la ukoo, akatuonyesha masale, ile mimea ya mpakani, moja baada ya jingine, akieleza nani alipanda lipi na kwa makubaliano gani. Dakika kumi na moja, mkono umetulia kabisa. Nilipoketi kusikiliza, kulikuwa na mvumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Babu ameshafariki. Kila Desemba baba na baba mdogo huniomba niwawekee kipande kile kwenye runinga, wanasogea karibu kutazama midomo, na kila mmoja anasikia mpaka wake.