Friji ya kempa haipoozi? Usikimbilie kusema gesi imeisha

Mbongo mwenzangu akinipigia kuhusu friji ya kempa yake (lile gari lenye kitanda na jiko la kusafiria), neno la kwanza huwa ni lilelile, "fundi, nadhani gesi imeisha, njoo uchaji". Simlaumu, hata mimi ufundi nilijifunzia kwenye friji za kompresa. Ila huku Ujerumani kempa nyingi za miaka ya 80 na 90 friji zake hazina kompresa kabisa, ndo maana hata hazingurumi. Ndani ya mabomba kuna amonia, maji na haidrojeni, vimefungiwa humo tangu kiwandani, na kinachovizungusha ni joto. Unachemsha huku chini, baridi inatokea kule juu. Hakuna pa kuchaji.

Joto lenyewe linatoka sehemu tatu: umeme wa ukutani wa volti 230, volti 12 za betri ya gari ukiwa unaendesha, na gesi ya mtungi. Hapo ndo pa kuanzia. Washa kwa 230 usiku kucha, masaa mawili hayatoshi, hizi friji ni kobe, asubuhi angalia kipimajoto ulichokiacha kwenye glasi ya maji ndani. Ikipoa kwa umeme afu kwa gesi inazembea, basi mtambo wa baridi ni mzima, ugonjwa uko kwenye gesi. Ikizembea kwa zote tatu achana na kichomeo (pale moto wa gesi unapowaka), angalia usawa wa gari na kama hewa ya moto inatoka vizuri nyuma ya friji.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa hapo. Mzee mmoja kaleta kempa ya 1991, nafungua kifuniko cha chini nakuta masizi na vipande vya kutu vimedondoka toka kwenye bomba la moshi mpaka kwenye kichomeo, na utando wa buibui juu yake (buibui wanapenda sana humo sijui kwa nini), nikajisemea kazi imeisha mapema leo. Nikasafisha, moto ukawa wa bluu mzuri kabisa, kesho yake friji nyuzi 14. Na kwa 230 vilevile 14, kitu ambacho ningekijua jana yake kama ningeanza na umeme! Nikapitisha mkono kwenye tundu la juu la kutolea hewa ya nyuma ya friji, hewa ya moto imetulia tuli, haitoki. Kumbe mwenye gari wa kwanza alishindilia pamba ya kuzuia baridi nyuma ya friji ili upepo usiingie jikoni. Nimeitoa yote, siku ya pili nyuzi 6.

Usawa nao ni muhimu hasa kwa hizi za zamani, gari likilala upande yale maji ya ndani yanatuama na mzunguko unasimama. Weka pimamaji kwenye sakafu ya kile kichumba cha barafu, sio kwenye meza.

Kwenye volti 12, pima palepale kwenye tamino za hita (ile inayochemsha kwa umeme) injini ikiwa inaunguruma na friji imewashwa. Hita ya wati 120 inakula kama ampea 10, waya mwembamba wa zamani hauwezi, ukikuta volti 10.5 ujue karibu robo ya joto imepotea njiani.

Kwenye gesi, soma kibati cha maelezo ndani ya friji. Za zamani huku zilitengenezwa kwa presha ya gesi ya milibari 50, za siku hizi ni 30, mtu akibadilisha regyuleta (kile kidude cha mtungi kinachopunguza presha) bila kusoma kibati moto unakuwa dhaifu na friji inalaumiwa bure. Nozeli, yenye kale katundu kanakotoa gesi kwenye kichomeo, usiichokonoe na sindano, tundu likipanuka umeiua, loweka kwenye spiriti afu pulizia hewa. Na ukishafungua bomba la gesi lazima upake povu la sabuni kwenye maungio kabla hujawasha chochote, kama hujawahi kufanya hii kazi muite mwenye cheti.

Ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, au harufu kali ya amonia inakuchoma pua, usiuguse huo unga, ni sumu. Zima, fungua madirisha, anza kutafuta mtambo mwingine.