Namba haivuki alama ya sawasawa

Wengi tulifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika: chanya huwa hasi, hasi huwa chanya. Kauli hii imedumu kwa sababu mara nyingi jibu hutoka sahihi. Lakini hakuna kinachovuka. Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales aliyeanzisha alama hiyo (=) mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba akisema hakuna vitu viwili vinavyolingana zaidi. Alama hiyo inatangaza usawa wa pande mbili, basi.

Chukua 4x + 7 = 31. Tunatoa 7 pande zote mbili. Kushoto 7 − 7 ni sifuri. Kulia 31 − 7 ni 24. Jicho ndilo linalodhani 7 imehama.

Balaa huja hatua inayofuata, 4x = 24. Aliyekariri "kuvuka" huivusha na 4, akaandika x = 24 − 4, yaani 20. Irudishe 20 kwenye mlinganyo: 4 × 20 + 7 ni 87, si 31! Hiyo 4 inazidisha x, haijajumlishwa nayo. Kinachoiondoa ni kugawanya pande zote kwa 4. Kwa hiyo x = 6, na 4 × 6 + 7 ni 31.