Rangi Haitoshi Kumtambua Koa Mpya

Wengi hudhani spishi mpya ya koa, yule konokono asiye na gamba, hupatikana pale mtafiti anapoona rangi ngeni msituni. Sivyo. Rangi ya koa hudanganya sana: wa spishi moja wanaweza kuwa mmoja mweusi na mwingine wa kahawia mwenye madoa, na spishi mbili tofauti zikafanana kama mapacha.

Ushahidi mkubwa umo ndani ya mwili. Koa huzamishwa majini ili afe akiwa amejinyoosha, huhifadhiwa kwenye spiriti, kisha hupasuliwa chini ya hadubini. Kinachotazamwa hasa ni viungo vya uzazi. Kwa kawaida koa mmoja wa nchi kavu ana vya kiume na vya kike, na maumbo yake hutofautiana baina ya spishi. Ndiyo maana koa mchanga, ambaye viungo hivyo bado havijakomaa, mara nyingi hafai, hata akiwa na rangi ya kuvutia namna gani. Siku hizi DNA nayo hulinganishwa.

Halafu kuna kupekua maandishi ya kale. Laevicaulis alte, koa mwenye asili ya Afrika, alipewa jina tangu 1822. “Mpya” wako huenda alishaelezwa zamani.