Kufuta majina kwenye dodoso hakutoshi

Wengi huamini kwamba dodoso la wafanyakazi lisilo na majina limeshalinda siri. Vichujio vya kugawa matokeo kwa makundi ndivyo vinavyofichua: chuja uhasibu, kisha wanawake, kisha waliozidi miaka 10 kazini, na huenda akabaki mtu mmoja anayejulikana ofisi nzima.

Kuficha makundi yenye majibu chini ya 5 husaidia, ila hesabu ya kutoa hupenya. Idara ina majibu 12, wastani 3.75, jumla 45. Wanaume 11 wana wastani 4, jumla 44. Mwanamke pekee, ambaye jibu lake “limefichwa”, alitoa alama 1. Kwa hiyo kundi dogo likifichwa, lifichwe pia lililobaki, au yaunganishwe. Maoni ya maandishi yasichujwe kwa makundi kabisa. Mtindo wa mtu wa kuandika hutambulika upesi.