Asilimia 98 wamepona? Niambieni wamekufa wangapi

Nimeletewa tena ile klipu. Safari hii imetua kwenye kundi la harusi ya mpwa wangu, katikati ya orodha ya michango: jamaa mwenye koti jeupe anasema Marekani wagonjwa 98 katika kila 100 wa saratani ya tezi dume wanapona kwa sababu wenzetu wanapima mapema, na sisi tunakufa kwa uzembe. Chini yake namba ya simu ya kupima mwili mzima, bei ya ofa. Nikajibu kwa kifupi, nikaambiwa nina wivu na maendeleo ya watu. Haya, nijibu kwa kirefu.

Hiyo 98 haihesabu waliopona. Inahesabu walio hai miaka mitano baada ya kupewa majibu. (Kitaalamu wanalinganishwa na watu wa rika lao wasio na ugonjwa, tuliache hilo.) Saa inaanza kuhesabu siku ya majibu, si siku ugonjwa ulipoanza. Chukua mzee wa kufikirika: amegundulika akiwa na miaka 72, mgongo umeshaanza kuuma, akafariki na 75. Kwenye takwimu zetu huyo hakufikisha miaka mitano. Sasa mpime damu akiwa na 66, mwambie ana saratani, mtibu, kisha afariki siku ileile, na 75 yake ileile. Ghafla anahesabiwa miongoni mwa walionusurika! Alichoongezewa ni miaka sita ya kujijua mgonjwa.

Hili wengi hulielewa nikiwachorea. La pili ndilo linaloniudhi, maana hata madaktari wenzangu hulipita mbio. Saratani ziko zinazokimbia, ziko zinazojikongoja, na ziko zinazokaa palepale mpaka mwenye nazo anafariki kwa presha au ajali ya bodaboda. Ukipima watu wasio na dalili, unaokota kwa wingi hizi za mwisho, kwa kuwa ndizo zinazokaa miaka zikisubiri kuonekana. Piga hesabu ndogo. Mji una wagonjwa 100 wa saratani kali. Baada ya miaka mitano 40 wako hai. Asilimia 40. Halmashauri inaleta mashine mpya, inaibua watu wengine 300 wenye uvimbe ambao usingewasumbua maishani. Wote 300 wako hai baada ya miaka mitano, bila shaka. Sasa walio hai ni 340 katika 400, asilimia 85. Waliokufa? 60. Kabla ya mashine walikuwa 60.

Mwaka 2007 Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York, akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, alisimama kifua mbele: nafasi yake ya kunusurika saratani ya tezi dume ilikuwa asilimia 82 kwao, wakati Uingereza ni 44 tu. Vifo vya ugonjwa huo kwa kila wanaume 100,000 vilikuwa karibu sawa katika nchi zote mbili. Wamarekani walikuwa wanapima sana kwa PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume. Waingereza hawakuwa na mtindo huo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni Korea Kusini. Nchi tajiri, bima ya afya kwa wote, watu wanaishi wastani wa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1999 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kupima saratani. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haikuwemo kwenye orodha. Ila mtu akishafika hospitali kupimwa vingine anaulizwa kiungwana: kwa nyongeza ya dola 30 hadi 50, tukupitishie na altrasaundi shingoni? Nani angekataa? Kufikia 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa inagunduliwa mara 15 zaidi ya mwaka 1993. Zaidi ya watu 40,000 waliambiwa wanayo mwaka huo mmoja, ikawa ndiyo saratani inayogundulika kuliko zote nchini humo. Vifo vilibaki pale vilipokuwa tangu mwanzo, mia tatu na kitu hadi mia nne kwa mwaka.

Mionzi? Lishe? Wapo waliojaribu kueleza hivyo. Lakini kama ugonjwa wenyewe ungekuwa umeongezeka mara 15, vifo visingekaa kimya miaka yote ile. Kilichobadilika ni macho ya wavu: walianza kuvua kwa wavu wa dagaa mahali palipokuwa na wavu wa samaki wakubwa. Na dagaa hao wapo shingoni kwa watu wengi mno. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulichunguza thairoidi za watu waliokufa kwa sababu nyingine, ukakuta zaidi ya theluthi moja wana saratani ndogondogo humo.

Na hawa wa Korea hawakuachwa na karatasi ya majibu tu. Karibu wote walitibiwa, na theluthi mbili hivi waliondolewa tezi nzima, maana yake vidonge vya homoni kila siku hadi mwisho wa maisha. Takriban asilimia 11 walipata hitilafu kwenye vile vitezi vinavyosimamia kalsiamu mwilini. Asilimia 2 walipooza nyuzi za sauti. Watu walioingia hospitali wakiwa wazima. Mwaka 2014 kundi la madaktari likajitokeza hadharani kupinga altrasaundi hiyo kwa wasio na dalili, kukawa na makelele, na ndani ya mwaka mmoja upasuaji ukapungua kwa zaidi ya theluthi. Ukitazama asilimia ya kunusurika peke yake, Korea ilikuwa bingwa: karibu 100.

Japani nao walipima mkojo wa watoto wa miezi sita nchi nzima kutafuta neuroblastoma, saratani ya neva ya watoto wadogo, mpaka tafiti za Ujerumani na Kanada zilipoonyesha vifo havipungui. Wakasitisha mwaka 2004. Kusitisha kipimo ambacho wazazi wanakipenda ni ushujaa ambao sijui sisi tungeuweza.

Kwa hiyo kupima ni kupoteza pesa? Hapana, na hapo ndipo watu wananiwekea maneno mdomoni. Tazama mlango wa kizazi. Finland walianza kupima kwa mpangilio miaka ya 1960, na vifo vikashuka kwa karibu asilimia 80. Wagonjwa wapya nao walipungua, kwa sababu pale unaondoa chembe zilizoharibika kabla hazijawa saratani. Wapya wanapungua, vifo vinapungua: nikiona hivyo navua kofia. Wapya wakipaa na vifo vikakaa palepale, naanza kutilia shaka.

Tezi dume iko katikati, na inaniweka pabaya kila mjomba akiniuliza. Jaribio kubwa la Ulaya lilionyesha kwamba baada ya miaka 16, ukialika wanaume 570 kupima unazuia kifo kimoja cha saratani hiyo, na unaibua wagonjwa 18 ambao wasingegundulika. USPSTF, jopo la Marekani linaloshauri nani apimwe nini, lilishauri PSA isitumike mwaka 2012, kisha 2018 likalegeza: wa miaka 55 hadi 69 waamue na daktari wao, kuanzia 70 waache. Shida yangu ni kwamba jaribio lile lilifanyika kwa Wazungu, na huko Marekani wanaume weusi wanakufa kwa ugonjwa huu karibu mara mbili ya weupe. Je, hesabu ile ya 570 inatuhusu? Sijui. Anayekwambia anajua, muulize ameitoa wapi.

Matiti ni ugomvi mwingine. Jopo huru la Uingereza la 2012 lilikadiria kwamba wanawake 10,000 wakialikwa kuanzia miaka 50 kwa miaka 20, vifo 43 vinazuiwa na wanawake 129 wanatibiwa saratani ambayo isingewadhuru. Wapo wenzangu wanaosema 129 ni nyingi mno, wengine wanasema ni chache mno, na hakuna namna ya kumnyooshea kidole mmojawapo na kusema ni huyu. Mama akiniambia 43 inamtosha, namwelewa. Akisema haimtoshi, namwelewa pia. Hata kiwango cha vifo ninachokipigia debe hapa kinategemea mtu aliyejaza cheti cha kifo, na kwetu wengi wanazikwa bila cheti.

Hayo yote yanamhusu mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye uvimbe kwenye titi, anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, anayeshindwa kukojoa, asinitumie makala hii kama sababu ya kubaki nyumbani. Huyo ni mgonjwa, na anatakiwa hospitali wiki hii.